Gari Isiyosikia Ufunguo

Mwaka ninaousema ni ule ambao maharage yalioza shambani yakiwa bado na maua, Kasulu nzima tukala njegere za njano. Wakimbizi wa kambi ya Mtabila walizipata kwenye mgao wakazichoka, na sisi tulikuwa na ugali wa muhogo usio na mboga. Basi wao wakachukua ndizi zetu na mawese, sisi tukarudi nyumbani na njegere. Mchana njegere, jioni njegere, mgeni akija njegere. Mpaka leo ukimsikia mtu wa huku anasema mwanangu alizaliwa mwaka wa njegere, usimsumbue kwa tarehe. Ameshakwambia.

Mwaka huo ndio nilifunga boneti ya gari kwa mkono wangu mwenyewe na watu wakanisubiri niseme neno. Nitafika hapo.

Mimi naitwa Butoyi. Shule niliacha darasa la pili. Nimekuwa fundi wa injini Kasulu na Kibondo mpaka magoti yalipokataa kuingia chini ya magari, na nayasema haya bila haya. Wapo wanaume wenye gereji zenye mabango makubwa barabarani leo, spana ya kwanza waliipokea kutoka mkono huu. Wengine niliwagonga nayo vidole.

Ninyi mnaoanza sasa, nawaandikia kwa sababu ya Editha, mjukuu wangu anayesoma ufundi wa magari. Juzi alinijia na pikipiki ya mteja, jasho linamtoka.

"Bibi, nimezima swichi. Ufunguo huu hapa mkononi. Sikia, bado inaendelea."

"Inaendelea kwa kunguruma au kwa kukohoa?"

"Kuna tofauti gani?"

Nikamwambia aizibe pumzi ife, kisha akae kwenye kigoda. Chuoni wanawafundisha kusoma ile mashine inayosema gari inaumwa wapi. Naiheshimu. Lakini mashine haijamfundisha mtu kutega sikio, na swali langu lilikuwa la sikio.

Shikeni hili kabla ya lingine lolote: ufunguo haukati moto, ufunguo unakata umeme. Injini ya petroli inataka petroli, hewa na cheche ya plagi. Ukizima swichi umeondoa cheche, basi. Injini bado inazunguka kwa nguvu zake za mwisho, na ikizunguka inavuta hewa, na hewa inapita kwenye kabureta inanyonya petroli. Sasa kama mle ndani kuna kitu kimebaki chekundu, petroli itaomba cheche ya nini? Kila aliyelelewa jikoni anajua. Jioni unafukia kaa kwenye majivu, asubuhi unapuliza, moto huo. Kaa la injini ni masizi yaliyoganda juu ya pistoni mwaka hadi mwaka, kama ukoko chini ya sufuria. Likishapata joto la kupanda mlima linabaki jekundu. Ufunguo uko mfukoni mwako, na ukoko unafanya kazi ya plagi.

Ila ukoko hauna saa. Plagi inawasha kwa wakati wake, ukoko unawasha unapojisikia. Ndiyo maana injini ya namna hiyo inakohoa, inatikisika, inarusha miguu, wakati mwingine inataka kuzunguka kinyumenyume. Ukisikia kikohozi, tafuta ukoko, tafuta joto, tafuta mafuta mabaya. Lakini ukizima swichi na injini ikaendelea laini, tamu, kama mtu ambaye hajasikia ameitwa, hapo acha injini. Tafuta nyaya. Umeme haujakatika.

Kibondo niliwahi kuitwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma. Gari yake haikuzima kwa ufunguo, ilizima inapotaka.

"Mama, wameshaiombea mara mbili," akaniambia.

"Wakati wanaiombea, redio ilikuwa imezimwa?"

"Hapana. Ilikuwa inapiga kwaya."

Nikanyoosha mkono nikazima redio. Injini ikanyamaza. Mwalimu akacheka. Aliyemfungia redio alichanganya nyaya, umeme ukawa unarudi kwenye injini kwa njia ya redio, kama mbuzi unayemfukuza mlango wa mbele akaingilia jikoni. Siku hiyo nilisikia watu wakisema mama yule anatoa mapepo kwa kidole kimoja. Sikuwakatalia.

Magari yenu ya siku hizi swichi inakata umeme na petroli pamoja, ndiyo maana wengi wenu mnaliona jambo hili kama hadithi ya bibi. Lakini pikipiki zenye kabureta zipo, jenereta zipo, pampu za maji zipo. Siku moja itakuja kwako imekohoa njia nzima, na mashine yako haina pa kuchomekwa.

Sasa turudi mwaka wa njegere.

Gereji ilikuwa ya Mzee Ntahondi, hapo Kasulu, ua wa mabati na ardhi nyeusi kwa oili. Mimi niliingia kwake kupika. Nilipomaliza vyombo vya chakula nikaanza kuosha vyuma vyao kwenye karai la mafuta ya taa, maana sikupenda kukaa bure, na chuma ukikiosha utakijua. Unajua kipi kimelika upande, kipi kimeungua, kipi kilikazwa na mtu mwenye hasira. Miaka minne niliosha. Kisha nikawa nafungua nati, nafunga nati. Lakini jina langu pale lilikuwa Mama Karai.

Kwa Mzee Ntahondi fundi hakuwa mwenye spana. Fundi alikuwa mwenye neno. Ilikuwa hivi: gari haikutoka uani kwa ufunguo peke yake. Aliyefunga boneti alimpa dereva ufunguo mkononi na kusema, "Imepona." Neno hilo moja. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemea, hata Mzee mwenye gereji, kama mkono uliofunga boneti haukuwa wake. Na madereva wote wa njia ya Kibondo walijua: ufunguo bila neno ni gari bado iko kitandani. Siku moja Mzee alimkabidhi dereva ufunguo huku mdomo umejaa ugali. Dereva akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akasubiri mpaka Mzee akameza. Hakuna aliyecheka. Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi neno sikuwa nalo. Nilikuwa nalisikia tu, na mikono yangu ndiyo iliyoosha vilivyopona.

Ikaja lori ya mihogo kutoka Mabamba. Dereva wake aliamini oili ni kama chakula, ukizidisha gari inanenepa, akajaza mpaka shingoni. Injini ya dizeli ikizidiwa oili inaanza kuinywa yenyewe. Haina plagi, haina haja ya cheche, inawasha kwa kubana hewa, na ikishaonja oili yake haina shida na tenki lako. Ikaanza kupiga kelele uani, inapanda, inapanda, moshi mweupe mpaka kwa jirani. Dereva akavuta waya wa kuzimia. Hakuna kitu. Mzee Ntahondi akang'oa waya wa betri. Dizeli haikujua hata kama betri imeondoka. Mafundi wote wakakimbilia nyuma ya kisima, maana injini ikifika huko inaweza kupasuka na kurusha vyuma.

Mimi nilikuwa jikoni nakoroga njegere. Nikafikiri kama mpishi: moto ukizidi unaufunika. Nikachukua kifuniko cha sufuria, kile kizito cha chuma, nikaenda. Kichujio cha hewa walikuwa wameshakitoa, mdomo wa bomba uko wazi unavuta kama ndama. Nikaupiga kifuniko. Kikanata chenyewe. Injini ikajikunja, ikatetemeka, ikafa.

Msije mkaziba kwa kiganja. Itakichukua. Ubao, kifuniko kizito, kitu kigumu kisichomezeka. Na msisimame ubavuni mwa injini.

Mzee alitoka nyuma ya kisima anapangusa suruali.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe. Ulisema injini ni jiko."

"Nilisema?"

"Ulisema, ukiwa umelewa."

Njegere ziliungua siku hiyo, watu wakala ugali na chumvi, na hakuna aliyeninung'unikia.

Wiki haijaisha, ikaletwa gari ya zahanati moja ya upande wa Kibondo. Ilikuwa gari ya zamani ya petroli, yenye kabureta, imepanda milima kuliko mbuzi. Mafundi wa kule walikuwa wameishindwa. Iliendeshwa na Zakayo, mtu wa Kitahana, mpole, mcheshi, anayemsalimu kila mtu "Mwakeye", salamu ya asubuhi, hata jua likiwa limeshaelekea kuzama. Ugonjwa wa gari: ikishapanda mlima haizimi. Unatoa ufunguo, yenyewe inakohoa dakika nzima, inatikisa mlango.

"Na wewe unafanyaje?" nikamuuliza Zakayo.

"Naiua kwa gia. Natia ya tatu, naachia klachi. Inaruka kidogo, inakufa."

Mzee Ntahondi alinipa ufunguo mbele ya wote. "Butoyi, hii ni yako. Unafungua wewe, unafunga wewe. Ukiiponya, una neno. Ukishindwa, karai halijahama."

Mkitaka kujua nini kilikuwa rehani, ni hicho. Si mshahara. Ni kama nitakufa nikiitwa Mama Karai.

Siku ya kwanza niliipoteza yote. Nilifungua swichi ya ufunguo, nikaisafisha, nikaifunga, nikaifungua tena, nikabadilisha na ya gari mbovu iliyokuwa uani. Niliamini ufunguo ndio unaozima moto, kwa hiyo kosa liko kwenye ufunguo. Mzee akapita, akanitazama, akasema, "Umekamata mlango, mwizi yumo ndani," akaenda zake. Nililala na sentensi hiyo kama mtu aliyelala na mfupa kooni. Asubuhi, napuliza kaa langu la jikoni, nikaelewa. Nilicheka peke yangu mpaka watoto wakatoka kuangalia.

Siku ya pili nilifungua kichwa cha injini. Ukoko huo, wajukuu zangu. Mweusi, mgumu, unene wa ganda la yai. Sikuukwangua kwa bisibisi kama wengine wanavyofanya, maana bisibisi inachora pistoni, na kila mchoro ni kiota cha ukoko mpya. Nilichonga vijiti vya mwanzi, nikakwangua taratibu na mafuta ya taa, kama unavyoosha sufuria ya mama mkwe. Nikaona pia Zakayo alikuwa amekaza skrubu ya sailensa, yaani ule mwendo wa injini gari ikiwa imesimama bila kukanyagwa. Baridi ya asubuhi huku kwetu ilikuwa inamzimia gari, akaipandisha, akaisahau. Sailensa ikiwa juu, injini inaendelea kunyonya petroli nyingi hata umeshazima. Nikaishusha.

Kisha nikatoa wavu wa mbele ili nioshe rejeta, maana rejeta iliyojaa mbegu za majani haipoozi kitu. Hapo ndipo nikakiona. Kimenasa kwenye pembe ya bampa, kipande cha mkanda wa kitambaa cha buluu, kimeshonwa mara tatu, mwisho wake una tundu la kuning'inizia.

Nina watoto watano. Wote niliwapeleka kliniki kupimwa uzito. Nilikijua kabla sijakigusa.

Nikamwita Zakayo, aliyekuwa anasubiri gari na kula njegere zetu.

"Zakayo, gari hii iligonga nini?"

"Mbuzi, mama."

"Mbuzi anavaa kaptula?"

Akaweka sahani chini. Akaniambia yote kwa sauti ndogo. Siku ya kliniki alifika, akazima, gari ikaendelea kukohoa, akatia gia ya tatu kama kawaida yake. Mguu wa breki haukukaa sawasawa. Gari ikaruka, ikaangusha nguzo ya mti iliyoning'inizwa mzani wa watoto, ikaondoka na kaptula ya kupimia. Kaptula ilikuwa tupu. Mtoto, wa mwisho siku hiyo, alikuwa ameshatolewa, mama yake yuko hatua tatu pembeni anamfunga mgongoni. Nesi alikuwa ndani anaandika kadi. Alipotoka, mama ameshaondoka na mtoto wake, Zakayo akamwambia mbuzi kaangusha nguzo.

"Mama Butoyi, usiseme. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia," nikasema. Nikafunga kile kipande kwenye pindo la kitenge. Sikumwahidi kitu.

Na hapa niwaambie, kuua injini kwa gia si dhambi. Ukibanwa, fanya: hakuna mtu mbele wala nyuma, breki chini kabisa, gia ya juu, klachi polepole. Mara moja, upate kufika kwa fundi. Dhambi ni kuifanya tabia. Mkono ukishazoea haukuulizi tena nani amesimama mbele.

Siku ya tatu nilifunga kila kitu. Nikafunga boneti. Ikiwa baridi ilizima vizuri, lakini gari yoyote inazima ikiwa baridi. Saa tisa alasiri akafika Nesi Mwanahawa kuichukua. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mtandio wake haukuwahi kupata vumbi hata siku moja, sijui alifanyaje. Kesho yake alikuwa na siku ya chanjo vijiji vya kuelekea Mabamba. Kinamama walishatangaziwa.

Nikasema kwanza tuipandishe mlima. Tukapanda wote, mimi kwenye usukani, nikaipeleka mpaka mshale wa joto ukafika pake, nikarudi nayo uani. Nikazima.

Ikakohoa. Moja. Mbili. Tatu. Ikanyamaza.

Uani watu wakapiga makofi. Mzee Ntahondi akatabasamu, na Mzee hakuwa mtu wa kutabasamu. "Dakika nzima imekuwa vikohozi vitatu," akasema. "Haya, fundi. Mpe dereva neno."

Aliniita fundi. Nililisikia likipita masikioni likashuka mpaka kwenye nyayo. Nilikuwa nimelingoja miaka yote hiyo.

Nikatoa ufunguo, nikauweka juu ya boneti.

"Ufunguo chukueni. Neno sitoi."

Zakayo alicheka akidhani ni utani. "Mama, vitatu tu. Vikizidi naiua kwa gia, kama siku zote."

Ningemlinda kama asingesema hivyo. Nikafungua pindo la kitenge, nikaweka kile kipande cha buluu kando ya ufunguo.

Nesi Mwanahawa akakiokota. Akakigeuza. "Huu ni mshono wangu," akasema. "Kaptula ilichanika, nikaishona mwenyewe, mara tatu. Zakayo, si ulinambia mbuzi?"

Zakayo akatazama viatu vyake.

"Na mtoto alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshatoka, nesi."

"Ametoka saa ngapi?"

"Hapo hapo."

Nesi akakaa kwenye ngazi ya gari. Kisha akainuka akanijia, na maneno yake hayakuwa ya mtu mjinga, ndiyo maana nayakumbuka. "Bi Butoyi, hebu nifahamishe. Kesho kuna kinamama watatoka alfajiri, wengine wana watoto wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi. Nisipofika, wapo wasiorudi tena. Gia Zakayo haigusi, naapa. Vikohozi vitatu tutavisubiri viishe. Huoni kwamba inatosha?"

Nilitaka kusema inatosha. Sikieni, nilitaka sana. Lakini nilikwenda kwenye tenki, nikachovya kijiti, nikadondosha tone juu ya karatasi. Fanyeni hivi, ni bure. Petroli safi inakauka na karatasi inabaki karatasi. Hii ilikauka ikaacha doa la mafuta, kama karatasi ya maandazi. Zakayo alikuwa ananunua kwenye chupa za barabarani, imechanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya namna hiyo yanawaka mapema, hayangoji amri, hata ukoko kidogo uliobaki pembeni unayatosha.

"Nesi," nikasema, "vitatu hivi ni vya hapa, jua limeshapoa. Kesho saa sita mchana, umetoka mlimani, vitakuwa thelathini. Utakuwa umezungukwa na kinamama, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Zakayo ataona aibu gari inakohoa mbele za watu, na mkono wake utakwenda kwenye gia kabla kichwa hakijaujua. Tenki imwagwe, ioshwe, iwekwe petroli safi, ipande mlima tena kesho. Leo haitoki kwa neno langu."

Nitawapa ya kesho yake sasa hivi, ili msiwe na wasiwasi nayo.

Tulimwaga tenki asubuhi. Tukaosha. Tukatia petroli safi. Nikaipandisha mlima mara mbili, ya pili kwa gia nzito makusudi, ichemke. Nikarudi, nikazima, na ikanyamaza hapo hapo. Tukawa tunasikia rejeta ikitoa mlio mdogo, na kuku wa jirani. Nikampa Zakayo ufunguo, nikasema neno. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Kinamama walikuja bure siku ile, wakarudi kesho yake wakiwa na maneno makali, na Nesi Mwanahawa aliyapokea yote peke yake. Mmoja hakurudi. Nesi alimfuata kwa miguu mpaka kwake. Aliniambia hilo mwenyewe bila kunilaumu na bila kunisifu, na mimi sikujitetea. Zakayo aliendelea kuendesha, na nguzo mpya ya mzani aliichimbia yeye, ya chuma. Mzee Ntahondi hakunisemesha siku nzima. Jioni nilipokwenda kuosha vyuma, nilimkuta amelipindua karai amelikalia, anakunywa chai. Nikamwomba apishe. Akasema tafuta kazi nyingine, hapa pana mtu.

Baada ya hapo nimesema neno hilo kwa magari ambayo siwezi kuyahesabu. Hakuna hata moja lililorudi kunifanya nilimeze. Andikeni hivyo.

Lakini yote hayo ni ya kesho yake, na alasiri ile mimi kesho sikuijua. Mafuta safi yangeweza kushindwa vilevile. Ninyi mtakapofika kwenye boneti yenu, na ninyi kesho hamtaijua. Kwa hiyo sikieni jinsi alasiri ile ilivyoisha.

Nesi alikuwa amekishika kile kipande cha buluu. Zakayo hakuinua macho. Mafundi wameacha kazi, hata aliyekuwa chini ya lori alitoa kichwa. Mzee Ntahondi akanisogelea. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka zamani.

"Butoyi, ni mimi niliyekutoa jikoni."

"Ndiyo, Mzee."

"Nimekuita fundi mbele ya watu."

"Ndiyo, Mzee. Asante."

"Na wewe unaniaibisha mbele ya watu hao hao. Gari imetoka dakika nzima imefika vikohozi vitatu, hapa hakuna aliyewahi kufanya hivyo, hata mimi. Sema neno, watu waende. Usiposema, kesho unarudi kwenye karai, na humo hutoki."

Nikachukua ufunguo juu ya boneti. Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kwa wakubwa, nikauweka kwenye kiganja chake kwa mikono miwili.

"Ufunguo chukueni. Neno sitoi."